Kabla Hujafunga Begi Lake

Swali ni lile lile. Nimeulizwa na akina mama baada ya jumuiya, na baba aliyenivuta pembeni pale Jamatini, hapa Dodoma, huku konda anaita abiria wa Kikuyu, na dada aliyeniandikia ujumbe saa nane za usiku: "Nimpeleke wapi?" Mara nyingi anayeuliza keshaamua kwamba kijana ataondoka nyumbani. Anachotaka kwangu ni jina la nyumba na namba ya simu.

Mama mmoja wa Nkuhungu alikuja na begi kabisa. Lilikuwa limepangwa kwa mapenzi: shuka mbili, sabuni ya mche, Biblia, dawa ya meno, raba mpya, na elfu ishirini iliyofungwa kwenye pindo la leso "akipata shida". Nikamwomba atoe raba na zile hela. Alinitazama kama niliyemnyang'anya mwanawe tonge mdomoni. Lakini raba mpya haikosi mnunuzi hata robo saa, na elfu ishirini ni nauli ya kurudi kijiweni pamoja na kete juu yake. Kisha nikamuuliza mambo matatu. Mwanao ana miaka mingapi? Anatumia nini hasa? Akirudi, atalala wapi na asubuhi atakwenda wapi? La kwanza alilijibu. La pili akasema, "Hayo madawa yao." La tatu alinyamaza.

Haya ninayoandika ni ya mwenye begi kama lile. Kwa nini vijana huanza, tuwaachie wengine. Hapa tuzungumze anapelekwa wapi, kwa njia gani, na makosa ambayo nimeyaona yakirudiwa na watu wenye nia njema kabisa.

## Kwanza ujue anatumia nini

"Madawa" si kitu kimoja, na mlango wa kubisha unategemea jibu hili.

- Unga (heroini). Anasinzia amesimama, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akikosa, arosto inampata: kamasi, miayo, jasho, kutapika, kuhara, mifupa inauma. Huanza ndani ya siku moja, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea. Huyu ndiye ambaye methadoni inamsaidia.
- Bangi na skanka. Methadoni haina kazi hapa, hivyo usipoteze siku kupanga foleni hiyo. Akiacha atakuwa na hasira na kukosa usingizi kwa wiki moja au mbili. Ila akianza kusikia sauti au kudai majirani wanamfuatilia, anahitaji daktari wa afya ya akili kabla ya nyumba yoyote.
- Pombe kali na vidonge vya usingizi. Mtu aliyezama humu usimwachishe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege, akaweweseka, akafa. Huyu anaanzia hospitali.
- Gundi na petroli. Wengi ni watoto wa stendi na sokoni. Hakuna dawa ya kuwaachisha. Kinachowatoa ni chakula, usingizi na mtu mzima mmoja asiyewahadaa. Na mtoto aliyetoka kunusa sasa hivi usimkimbize wala kumshtua, maana moyo wake unaweza kusimama hapo hapo.
- Tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini. Ni ukoo mmoja na heroini, japo vinauzwa kwenye pakiti safi. Mwambie daktari.

Wengi wanachanganya. Ndiyo maana nashauri uchukue daftari la shule, uandike ukurasa mmoja: anatumia nini, mara ngapi kwa siku, tangu lini, anavuta au anajidunga, mara ya mwisho ilikuwa lini, aliwahi kuacha mara ngapi na nini kilimrudisha. Usiyapate haya kwa kumpekua na kumpiga. Muulize asubuhi akiwa ametulia, au muulize rafiki yake wa karibu, ambaye kwa kawaida anajua zaidi yako. Nimeona wazazi wakikaa saa nzima mbele ya mhudumu wakilia, wakaondoka bila kusema hata jambo moja la kumsaidia. Ukurasa huo unasema kwa niaba yako.

## Pili, ana miaka mingapi

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama ana ndevu na anakaba watu Majengo. Mtoto halazwi chumba kimoja na wanaume wa miaka 35 waliotoka jela juzi. Atakayotoka nayo humo yatazidi aliyoingia nayo.

Kosa ninalokutana nalo ni kuongeza umri. Mtoto wa miaka 15 anaandikwa 19 ili apokelewe, mzazi anashukuru, mwenye nyumba anapokea ada. Siku likitokea jambo, karatasi inasema alikuwa mtu mzima na wewe ndiye uliyesaini.

Njia ya mtoto ni hii:

1. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Usipomkuta ofisini, rudi. Ukirudi mara tatu bila kumpata, mwone mtendaji wa kata akuunganishe.
2. Huna pa kuanzia? Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.
3. Omba maandishi kila hatua: rufaa, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, jina na cheo cha aliyekupokea.

Kwa watoto wasio na ndugu, Dodoma ina makao ya taifa ya watoto pale Kikombo, na wapo watu wa shirika la Kisedet la Kigwe ambao wamefanya kazi na watoto wa mitaani kwa miaka mingi. Hawa si hospitali ya dawa za kulevya, na usiwafanye hivyo. Ila mtoto asiye na pa kulala huwezi kumtibu gundi. Gundi ndiyo blanketi lake la mwezi wa saba, upepo wa Dodoma unapokata masikio. Kwanza apate pa kulala, kisha tuzungumze mengine. Na usimwache mtoto getini ukakimbia na bodaboda. Pitia ustawi wa jamii.

## "Mirembe si ya vichaa?"

Nilijua utauliza. Nchi nzima, mtu akikosea hesabu anaambiwa apelekwe Mirembe, nasi wenyeji wa Dodoma tunacheka kama wengine. Hospitali ile ipo tangu miaka ya 1920 na utani huo umeizidi majengo. Matokeo yake baba yuko radhi mwanawe afe Chang'ombe kuliko majirani wamwone akishuka upande ule.

Upande huo huo, Itega, ndiko kuliko na kliniki ya methadoni. Muhimbili ilifungua ya kwanza nchini Februari 2011, na tangu hapo huduma imesogea mikoani, hata mtu wa Dodoma hana haja ya kuhamia Dar es Salaam kwa ajili hiyo. Utaratibu wake ujue mapema:

- Ni kwa waraibu wa heroini na jamii yake. Atapimwa kwanza.
- Dawa ni ya kunywa. Kwa kawaida anainywa mbele ya mhudumu, kila siku, pamoja na Jumapili na Idi.
- Dozi hailipiwi. Nauli unalipa wewe, na nauli ndiyo inayowashinda wengi.
- Atapimwa VVU, kifua kikuu na homa ya ini. Kama yuko kwenye dozi ya kifua kikuu, sema. Baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya methadoni na daktari lazima ajue.

"Sasa si ni kumbadilishia ulevi tu?" Swali zuri, na wanaouliza wengi ni watu wa dini. Tazama mchana wa mtu. Mwenye arosto anaamka akiwaza apate wapi hela ya kete: sufuria ya mama, simu ya abiria, nyaya za umeme. Mwenye dozi anaamka, anakwenda Itega, anakunywa, na saa nne asubuhi yuko kwenye kazi ya kuosha magari. Anaitegemea dawa, ndiyo, kama mwenye kisukari anavyotegemea sindano yake. Wapo wanaoshuka dozi taratibu hadi wakaacha, na wapo watakaoendelea miaka. Kosa kubwa ni familia kumlazimisha aache baada ya miezi mitatu kwa sababu "amepona sasa". Dozi haishushwi kwa kikao cha ukoo.

Jambo jingine: kliniki hiyo si bweni. Anakunywa na kurudi kwake. Kama kwake ni kijiweni, ndipo habari ya nyumba inapoingia.

## Soba ni nini, na si nini

Serikali inaziita nyumba za upataji nafuu. Mtaani ni soba, basi. Mwambao ulitangulia: Malindi, Kenya, Omari Project ilianza 1995, na Unguja nyumba hizi zilishika mizizi kuanzia 2009, zikiongozwa zaidi na watu waliokuwa waraibu wenyewe. Bara tumefuata.

Kwa kawaida kijana anakaa miezi mitatu hadi sita. Anaamka alfajiri, anafanya usafi, anapika kwa zamu, anakaa kwenye vikao vya kuzungumza, anafuata zile hatua 12. Hapewi heroini wala, katika nyumba nyingi, methadoni. Nguvu yake iko hapo: utaratibu, na mtu aliyepita njia ile ile anayemwambia, "Usinidanganye, huo uongo niliutunga mimi."

Lakini soba si hospitali. Mtu mwenye kifua kikuu cha kuambukiza, anayesikia sauti, mwenye degedege ya pombe, au mjamzito, aanzie kwa daktari. Na soba haimzuii mtu kijiwe; inamweka mbali nacho kwa muda.

## Nenda ukaione bila kupiga simu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa na watoto wanapopotea.

Nyumba nyingi utakazotajiwa hazipo Dodoma. Ziko Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Arusha, Zanzibar. Watu wanachagua kwa picha za WhatsApp. Usifanye hivyo. Tangu 2024 treni ya mwendokasi inakufikisha Dar asubuhi na kukurudisha jioni. Hiyo nauli ni ndogo kuliko ada ya mwezi mmoja utakayoitupa.

Fika karibu na saa sita mchana, siku ya kazi, bila kutoa taarifa. Nilifanya hivyo kwenye nyumba moja, jina nalihifadhi. Mlango wa mbele ulikuwa na rangi mpya na bango zuri. Nikaomba kwenda chooni. Vijana 30 na zaidi, choo kimoja, kitasa cha nje. Jikoni sufuria ya uji wa asubuhi ndiyo iliyokuwa ikichemshwa tena kwa mchana. Nikauliza daftari la dawa, yaani nani anakunywa nini saa ngapi. Msimamizi akatoa kalenda ya benki iliyoandikwa majina matatu. Nikashukuru, nikaondoka.

Nyumba nyingine, maskini kuliko hiyo, magodoro yamewekwa sakafuni na ukuta haujapigwa lipu. Lakini kila godoro lilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli na ufunguo ulikuwa shingoni mwa mwenyewe. Vijana walikuwa wanabishana zamu ya kuchambua mchicha. Mmoja akanisalimia, "Shikamoo mzee, umemletea nani?" bila kumtazama msimamizi kwanza. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwaamini.

Uliza haya, na uandike majibu:

- Mmesajiliwa wapi? Naomba kuona cheti. (Wakisema kiko kwa mwenyekiti, subiri kije.)
- Wangapi wanalala humu, na chini ya miaka 18 mnawaweka wapi?
- Mtu akiumwa usiku mnampeleka hospitali gani? Nani analipa?
- Mnafanya nini akikiuka sheria ya nyumba?
- Mwenye dawa za VVU, kifafa au afya ya akili, nani anamhifadhia?
- Naruhusiwa kumwona lini, na kumwona faragha?
- Akitaka kuondoka, inakuwaje?
- Ada inajumuisha nini? Akitoroka siku ya nne inarudi kiasi gani?

Geuka uondoke ukiona au kusikia haya:

- Minyororo, pingu, viboko, au chumba cha "kunyoosha".
- Anayekuhakikishia kwamba kila aliyepita pale amepona.
- Miezi sita ya kwanza hakuna kumwona.
- Vijana wanajenga nyumba ya mwenyewe au wanapelekwa shambani bila ujira na kuitwa tiba.
- Ada ya miezi yote mbele, taslimu, bila risiti.

"Lakini bila kumfunga atatoroka." Atatoroka, huenda. Wanaotoroka wengi hufanya hivyo siku kumi za mwanzo, na wengi wanarudi wakipokelewa bila matusi. Aliyefungwa mnyororo hujifunza jambo moja tu: asirudi kwenye mikono ya watu wanaodai wanamsaidia. Ukijua anapigwa, toa taarifa polisi, dawati la jinsia na watoto kama ni mtoto, au Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa 119, ambayo ni bure. Namba hiyo hiyo utaitumia pia kuuliza huduma iliyo karibu nawe.

## "Nimpeleke kijijini kwa babu yake, akachunge"

Ushauri huu hutolewa kila msiba na kila harusi. Peleka Bahi, peleka Kongwa, mpe jembe, akili itarudi. Siudharau. Kuondoka kijiweni ni nusu ya kazi, na ng'ombe wanamwamsha mtu mapema kuliko msimamizi wa soba. Kwa kijana wa bangi aliye na babu mwenye nguvu, nimeona ikisaidia.

Ila fikiri haya. Kijijini kuna pombe ya kienyeji, tena ya bei rahisi, na bangi nayo haiogopi vumbi. Babu wa miaka 78 hatamweza kijana mwenye arosto usiku wa pili, akiwa anatapika na kutukana, na zahanati iko mwendo wa saa mbili. Na ikifika kuvuna, anauza magunia mawili ya alizeti, anapanda gari la Dodoma na hela mfukoni, miezi mitano bila kugusa kitu.

Huyo ndiye ninayemhofia kuliko wote. Mwili uliokaa miezi bila unga umesahau kuuhimili. Yeye anakumbuka kiasi alichozoea, mwili haukumbuki. Kete ile ile aliyokuwa akiimaliza mchana akatembea, sasa inamzimisha pumzi. Ni hivyo hivyo kwa aliyetoka soba, jela, au hospitalini. Mwambie waziwazi kabla hajarudi. Kumwambia si kumpa ruhusa, ni kumwambia ukweli ambao watu wa kijiweni wanaujua na wazazi hawaujui.

## Msichana

Familia humtafutia soba mtoto wa kiume na kumficha wa kike. Akitajwa, anatajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kosa lake ni jingine. Nyumba nyingi ni za wanaume, na "tutamtengea chumba" si jibu. Uliza nani anashika funguo za usiku, kama kuna msimamizi wa kike anayelala humo, na bafu liko wapi. Ukikosa majibu hayo, afadhali methadoni ya kila siku huku akilala kwa shangazi yake.

Akiwa mjamzito na anatumia unga, usimfungie ndani aache kwa nguvu. Mimba inaweza kutoka. Aende hospitali, aseme ukweli, aanzishiwe dawa chini ya uangalizi. Wewe kazi yako ni kumsindikiza na kunyamaza.

## Hataki kwenda

Basi hujamaliza kuzungumza. Najua umechoka. Lakini kumtilia dawa ya usingizi kwenye chai, kukodi vijana wa bodaboda wamkamate, au kumdanganya kwamba mnakwenda kwenye usaili wa kazi Morogoro, kunakupa safari moja tu.

Tafuta asubuhi baada ya usiku mbaya, akiwa ametumia kidogo, hajalewa wala hana arosto. Awepo mtu mmoja anayemheshimu. Mara nyingi si baba, ni mjomba au bibi. Usianze na aibu aliyowaletea. Sema unachoweza na usichoweza: "Chakula utapata hapa. Hela mkononi sitakupa tena. Siku utakayosema twende, hata saa tisa usiku, nitaamka." Halafu kweli uamke.

Kikao cha ndugu 14 sebuleni hakisaidii.

## Siku ya safari

- Asisafiri peke yake. Wapo waliopandishwa basi la Dar wakiwa na machozi ya toba wakashuka Msamvu.
- Msindikizaji awe wa rika la mjomba, si rafiki aliyekuwa anavuta naye.
- Ada ilipwe kwa simu au benki, siyo mkononi mwake.
- Kwenye begi: nguo za zamani zilizo safi, kandambili, shuka, sabuni, kadi za kliniki na dawa zake zote. Raba mpya, saa na simu vibaki nyumbani.
- Kubalianeni neno la siri. Familia moja ilichagua mbuzi. Akipiga simu na kuuliza "mbuzi wa babu hajambo?" maana yake anapigwa au ananyanyaswa, njoo. Asipotaja mbuzi, analia tu.

Maana atapiga simu akilia. Siku ya tano, kwa simu ya msimamizi, atakuambia chakula kibaya, kuna kunguni, amepona kabisa, anaapa kwa jina la marehemu bibi. Mwambie unampenda na utakwenda Jumamosi. Kisha nenda Jumamosi kweli, ukamwone faragha, umtazame mgongo na vifundo vya miguu.

## Gharama

Ada za soba zinatofautiana sana, na nyingine hupunguza ukieleza hali yako. Kabla ya kuuza kiwanja, gawa pesa uliyonayo mara mbili: nusu ya nyumba, nusu ya miezi minne baada ya kurudi. Familia nyingi zinamaliza yote getini, kijana anarudi kwenye nyumba isiyo hata na nauli ya kumpeleka kliniki. Kwa wa methadoni, piga hesabu ya daladala kwenda na kurudi mara 30. Ikikushinda, ahamie kwa ndugu aliye karibu na Itega.

## Akirudi

Sasa lile swali la tatu. Lijibu kabla hajaondoka, si siku anayoshuka stendi.

Kampokee mwenyewe pale Nzuguni. Usimwambie apande bodaboda aje. Njia ya kwenda nyumbani anaijua, na njia ya kijiweni anaijua zaidi. Wiki ya kwanza asilale kwenye chumba cha nyuma chenye mlango wake, kile alichokuwa akitumia. Awe na mahali pa kwenda asubuhi ya siku ya pili, hata kama ni kufagia gereji ya jirani bila malipo. Namba ya simu mpya. Mtu mmoja aliyeacha kabla yake, wa kumpigia saa nane usiku. Hela apewe kidogo kidogo. Mshahara wa kwanza ni siku ya hatari, hivyo panga naye mapema utashikwa na nani. Usimwite teja hata kwa utani, wala usimtolee ushuhuda kanisani bila kumuuliza.

Akiteleza mara moja, usimfukuze na usijifanye hujaona. Muulize siku hiyo hiyo kilitokea nini, mpeleke kliniki au kwa watu wa soba kesho yake.

Na nyumba nzima, pamoja na mdogo wake wa darasa la sita, ijue hili. Ukimkuta hazinduki, anakoroma kama anayezama, midomo imegeuka bluu, pumzi moja moja kwa mbali:

1. Muite kwa nguvu, msugue kifua katikati kwa ngumi.
2. Asipoitika, tuma mtu atafute gari la kwenda hospitali, hapo hapo.
3. Pumzi zikiwa chache, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano.
4. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yasimkabe.
5. Usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi. Usimmwagie ndoo. Usimwache alale "itaisha".
6. Hospitali waambie ukweli kwamba ni unga, ili kama wana naloksoni wampe bila kupoteza dakika.

Bandika orodha hiyo ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Yule mama wa Nkuhungu aliiandika nyuma ya kalenda, kwa kalamu nyekundu, na chini yake namba ya dereva wa bajaji anayelala nyumba ya tatu.